Baba mkubwa na funguo za duka

Wadau, baba yangu mkubwa alifanyiwa upasuaji wa moyo, ile wanayoiita baipasi, miezi tisa iliyopita. Mshono umepona. Duka lake la vipuri vya baiskeli bado limefungwa. Kutwa nzima yuko barazani, na mama mkubwa hamruhusu kugusa hata ndoo. Kila anayepita anamwambia, "Pumzika mzee, Mungu amekuongezea siku." Siku zenyewe anazitumiaje, hakuna anayeuliza.

Nikajiuliza madaktari nao walianza lini kuuliza.

Mei 1967, mjini Cleveland, Marekani, Muargentina René Favaloro alichukua mshipa wa mguuni wa mama mmoja wa miaka 51, akaupachika ili damu ipite kando ya mshipa wa moyo ulioziba. (Huyu bwana alikuwa daktari wa kijijini miaka 12 kabla ya hapo. Nilimpenda papo hapo.) Hakuwa wa kwanza kujaribu, maana Vasilii Kolesov alishafanya yake Leningrad mwaka 1964, ila njia ya Favaloro ndiyo iliyoenea. Miaka ya mwanzo ubishi mkubwa ulikuwa nani atakufa na nani atapona.

Kisha ukaja utafiti wa CASS. Kati ya 1975 na 1979 wagonjwa 780 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapasuliwe, wengine watibiwe kwa dawa. Safari hii waliulizwa pia habari za maisha: maumivu, kutembea, kazi. Majibu yalitoka 1983. Waliopasuliwa walibanwa kifua mara chache zaidi, shughuli zao hazikukwama sana, na dawa walizomeza zilipungua. Lakini kwenye ajira, jamani, hakuna tofauti! Kisu kiliondoa maumivu, hakikumrudisha mtu kazini. Na ilipofika miaka 10, hata ile nafuu ya maumivu ilikuwa imefifia sana.

Kwa nini? Umri upo, mwajiri yupo. Mimi naona na woga upo, tena wa familia kuliko wa mgonjwa. Mfupa wa kifua hukatwa katikati ukafungwa kwa waya, na huchukua kama wiki 6 hadi 12 kuunga. Kwa wiki hizo mama mkubwa ana haki kabisa na ndoo yake. Lakini miezi tisa? Siku hizi wagonjwa hupewa mpango wa mazoezi, waanze kutembea taratibu na kuongeza kidogo kidogo. Sisi tulimpa kiti.

Jumapili nilimsimulia yote haya. Akanyamaza, halafu akauliza funguo za duka anazo nani. Mama mkubwa akaingia jikoni bila kujibu.

Alhamisi nampeleka kliniki. Mama mkubwa naye amesema anakuja, akasikie mwenyewe kwa daktari.