Chemosit Alivyoingia Katika Karatasi

Msomaji, ukipita Cheptiret, katika barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Nakuru, huoni kitu cha kutia hofu: mashamba ya mahindi na ngano, ng'ombe wa maziwa, maduka, na watu wakingoja matatu. Lakini uwanda huu wa Uasin Gishu, pamoja na misitu ya Nandi iliyo magharibi yake, umezaa hadithi ya kutisha iliyopata kusomwa hata London. Nataka tuichunguze pamoja, na swali letu litakuwa moja: ilikuwaje watu wenye elimu wakaisadiki?

Wanandi walikuwa na zimwi lao, jina lake Chemosit. A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aliandika sifa zake kama alivyoambiwa. Ni nusu mtu na nusu ndege. Ana mguu mmoja na matako tisa. Kinywa chake chekundu hung'aa usiku mfano wa taa. Huimba gizani, na watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakamwendea, wakaliwa. Bila shaka hata wewe unaona hapa kazi ya msimuliaji. Matako tisa hayakuwekwa bure: yanamchekesha mtoto kabla ya kumtisha.

Sasa tazama mabadiliko. Mwaka 1912 Mwingereza mmoja, Geoffrey Williams, aliandika katika jarida la chama cha elimu ya viumbe, mjini Nairobi, kwamba alipokuwa safarini Uasin Gishu, muda mfupi baada ya vita vya Wanandi vya 1905 na 1906, aliona karibu na mwamba wa Sergoit mnyama asiyemjua, ameketi wima kama dubu. Alimpiga risasi akamkosa. Mwaka uliofuata C. W. Hobley, ofisa mkubwa wa serikali, alikusanya habari nyingine za namna hiyo katika jarida lilo hilo. Miongoni mwa mashahidi alikuwamo N. E. F. Corbett, mkuu wa wilaya wa Eldoret, na meja mmoja aitwaye Toulson. Mguu mmoja ukatoweka, na matako tisa yakatoweka. Mahali pake pakaja vipimo, majina ya mito, na vyeo. Zimwi likaitwa Dubu wa Nandi.

Hebu uzisome habari hizo kama hakimu asomavyo ushahidi. Williams aliandika baada ya miaka kadhaa, na mwenyewe alikiri kwamba masikio ya mnyama hakuyakumbuka vizuri, ila yalikuwa madogo. Corbett aliona masikio makubwa kidogo, na manyoya mekundu ya kahawia. Toulson aliona manyoya meusi. Je, huyu ni mnyama mmoja? Wengine wamedhani kuwa mmoja aliona fisi, mwingine nyegere mzee, na jina moja likawafunika wote. Mpaka leo haijapatikana ngozi wala fuvu la kuthibitisha kwamba mnyama huyo yupo.

Usiharakishe kuwacheka lakini. Wakati ule haukuwa upuuzi kutazamia mnyama mpya katika misitu hii. Mwaka 1904 wataalamu wa London walitambua nguruwe mkubwa mweusi wa msituni, ambaye wenyeji walimjua tangu zamani, kwa sababu askari mmoja, Richard Meinertzhagen, alipeleka ngozi na fuvu kutoka nchi hii. Nguruwe huyo akapewa jina la askari huyo katika elimu ya viumbe. Tofauti yake na Dubu wa Nandi ni fuvu tu. Karatasi zao zilifanana.

Hila hii ya karatasi haijafa. Mwaka 2015, mwaka ule ule Kenya ilipokamilisha kuzima matangazo ya televisheni ya analojia, Mmarekani Kris Straub alianza kutoa katika intaneti video za kutisha ziitwazo Local 58. Huiga kituo kidogo cha televisheni cha zamani: picha yenye chenga, sauti iliyofifia, na tangazo la dharura lenye lugha kavu ya serikali. Wengi wamemfuata. Jitu lenyewe huonekana kidogo sana au halionekani kabisa. Kinachomshika mtazamaji ni lile tangazo, kwa maana tangu utotoni amezoea kulitii. Orson Welles aliijua njia hiyo tarehe 30 Oktoba 1938, alipotangaza kwa redio huko Marekani mchezo wa watu wa sayari ya Mars kwa namna ya taarifa ya habari. Na ajabu ni hii: kesho yake magazeti yaliandika kwamba taifa zima lilikuwa limeingiwa na hofu kuu, na wasomaji wakayasadiki, baadaye wanahistoria waliona kwamba hofu hiyo ilitiwa chumvi mno.

Video hudhuru kidogo, kwa kuwa watazamaji wengi hujua kwamba ni mchezo. Nirudi kwa Meinertzhagen, maana yeye hakuwa akicheza. Tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano uliokusudiwa kuwa wa amani, huko Ket Parak, alimuua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, na wengi wa wafuasi wake waliuawa pamoja naye. Akaeleza kwamba alitegewa mtego, akajitetea. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimwona hana hatia, ingawa mwaka 1906 aliondolewa nchini. Maelezo yake yalikuwa na saa, mahali, na sahihi ya ofisa.

Meinertzhagen alikufa mwaka 1967, akisifiwa kwa elimu ya ndege. Katika miaka ya 1990 wataalamu walikagua ndege aliowakusanya, wakagundua kwamba wengi waliibwa katika makumbusho, na vibandiko vyao, vyenye tarehe na mahali vilivyoandikwa kwa uangalifu, vilikuwa vya uongo.

Nao Wanandi walikuwa na habari yao juu ya siku ile ya Ket Parak. Husimulia kwamba Koitalel alipigwa risasi alipokuwa ametoa mkono kusalimu. Habari hiyo haikuwa na mhuri wala sahihi. Ilisimuliwa jioni, penye moto, mahali pale pale aliposimuliwa Chemosit.