Mizizi ya miche ya miombo

Katika misitu ya miombo ya Kapolowe, Katanga, kando ya mto Lufira, mche wa Brachystegia au Julbernardia hukuza mzizi kwanza, shina baadaye. Kuupima kwa urefu wake ni kuudhulumu. Mizizi huvunja sukari kutoka majanini kwa kutumia oksijeni ya udongoni. Nishati ipatikanayo hujenga seli mpya na kuendesha pampu za utando wa seli, ambazo huwezesha nitrati na fosfati kuingia. Fosfati ni adimu hapa, hivyo mche hugawia sukari kuvu zilizofunika mizizi yake, nazo huitafuta mbali zaidi. Baadhi ya kuvu hizo huzaa uyoga unaoliwa Katanga. Kiangazi, shina likikauka au kuungua, wanga uliohifadhiwa mizizini hutoa chipukizi jipya.