Banda, Kotiji na Nyumba ya Kogo

Tuanze na neno. Banda, kwa mtu yeyote aliyelelewa ushago, ni mahali pa kuku, ng'ombe au kuni. Ukimwambia mtu anaishi kwenye banda umemtukana. Lakini angalia mbuga zetu leo: KWS inakodisha mabanda ya wageni, yenye vitanda, jiko na sufuria, nawe unabeba unga wako na nyama yako. Wazungu walichukua neno letu la kuku, wakalirudisha likiwa na bei kwa usiku.

Nimelifikiria sana hili, na sababu ni njaa tu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipa, yakiwemo matangazo ya nyumba za likizo za kujipikia. Naweza kukutungia moja nikiwa nimesimama kwa mathree: mandhari tulivu, moto wa kuni, mbali na kelele za jiji. Kisha mwezi wa nne shangazi akanipigia kutoka Kericho. Anataka nyumba ya Kogo pale Sosiot iwekwe Airbnb. Kogo ni nyanya yangu, ndivyo tunavyosema Kipsigis, na mwandishi wa familia, kwa bahati mbaya, ni mimi.

Kabla ya kuandika mstari wowote nilitaka kujua mtindo huu wa kwenda mashambani kujipikia kwa nyumba ya mwenyewe ulitoka wapi. Uingereza ndiko unakopendwa sana: kotiji ya mawe, bustani ya waridi, bahari kwa mbali, familia imefika na gari limejaa vyakula. Picha tamu. Shida ni kwamba kotiji haikujengwa iwe ya likizo. Ilikuwa nyumba ya kibarua wa shambani, na mara nyingi ilikuwa mali ya mwenye shamba. Ilikuja na kazi, ikaondoka na kazi. Na kazi zenyewe zilikuwa na historia chafu. Kati ya 1604 na 1914, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ya pamoja, karibu ekari milioni 6.8. Mtu aliyezoea kulisha ng'ombe wake mmoja kwenye malisho ya kijiji aliamka akakuta ua. Baadaye mashine zikaingia mashambani, watu wakahamia miji ya viwanda, nyumba zikabaki tupu.

Kilichofuata ni reli, magari, na sheria ya 1938 iliyowafungulia wafanyakazi wengi njia ya kupata likizo yenye malipo. Yaani mjukuu wa kibarua, sasa ni karani mjini, anaweza kulipia wiki moja kwenye nyumba kama ile ambayo babu yake alifukuzwa. Hata akiichukulia kama kurudi nyumbani simlaumu, ingawa hiyo nyumbani ina funguo za mtu mwingine.

Si kila mtu alifurahia. Wales, kuanzia 1979 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyumba zaidi ya 200 za likizo zilichomwa, kwa sababu wenyeji walikuwa hawawezi tena kununua nyumba kijijini kwao. Mwaka 2016 wakaazi wa St Ives, mji wa pwani ya Cornwall, walipiga kura nyumba mpya ziuzwe kwa watu watakaoishi humo mwaka mzima. Watu wa pwani yetu wangeielewa hiyo kura bila mkalimani.

Sasa panda Kericho. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari kama 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Ungedhani ardhi ingerudi kwa wenyewe. Wapi. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yaliingia kwa nguvu, Brooke Bond na James Finlay mbele, na pamoja nayo bangaloo ya meneja: veranda, nyasi zilizokatwa, mahali pa moto. Chini yake, mteremkoni, kambi ya wafanyakazi. Bangaloo ni neno lililotoka Bengal. Hata nyumba ya bosi ilikuwa imeazimwa.

Walowezi wa huku juu walishuka pwani likizo ikifika. Miaka ya 1930 hoteli zilianza kuota Malindi, na Hemingway mwenyewe alivua samaki huko mwaka 1934. Familia nyingine zilipendelea nyumba ndogo za ufuoni, wajipikie. Wajipikie, eti. Mpishi alikuwa anasafiri nao. Desturi hiyo haijafa: nenda Diani au Watamu leo utaona nyumba inatangazwa kuwa ya kujipikia, kisha mstari wa chini unakuambia mpishi yupo. Mvuvi anabisha mlangoni na samaki, mama mboga anapita, na mtu mwingine kabisa anakaanga. Mimi pia nimeandika mstari kama huo, na mteja aliupenda.

Mwaka huohuo wa 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, uliohofiwa kwa kuchochea upinzani. Watu kama 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye malaria na mbung'o. Walioishi kurudi walirudi karibu na uhuru. Wengine wanaenda pwani kupumzika na wengine wanapelekwa ziwani kufa, na kalenda ni moja.

Kogo alizaliwa baada ya hayo, ila hayakumpita. Alichuna chai miaka 31 katika kampuni moja ambayo haina haja ya jina hapa. Mama yangu na shangazi walizaliwa kambini, chumba kimoja, jikoni nje. Kogo alistaafu Ijumaa na Jumatatu chumba kikatakiwa kiwe wazi. Kama tu yule kibarua wa Uingereza. Tofauti ni kwamba alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo, akanunua robo ekari Sosiot na kujenga vyumba vitatu vya mabati. Leo chai yenyewe inachunwa kwa mashine; Mei 2023 kadhaa zilichomwa moto hapo Kericho na watu wenye hasira ya kazi zilizopotea. Nikisoma habari za Wales naona moshi wa karibu zaidi.

Kuna jamaa wa Nairobi alishataka kuinunua nyumba ya Kogo na kuifanya kotiji. Bei nzuri, nakubali. Hapo ndipo shangazi alipokasirika na kusema kama ni kotiji, tutaifanya wenyewe. Kwa maoni yangu ana haki. Uingereza nyumba ya kibarua ilikuwa ya likizo baada ya kibarua kuondoka. Hapa kibarua bado yupo, hati ina jina lake, imefungwa ndani ya karatasi ya sukari chini ya godoro.

Kubishana kulikobaki ni kwa mambo madogo. Shangazi anataka ile sotet, kibuyu cha mursik, itundikwe ukutani wageni waipige picha. Kogo amekataa: chombo cha maziwa si picha. Anaitumia bado, anaisafisha kwa sosiot, kijiti kile kile chenye jina kama la kijiji chetu, kila jioni. Anahamia kwa shangazi wageni wakija, na sotet inaenda naye.

Nilimsomea rasimu ya tangazo kwa simu, nikitafsiri kwa Kipsigis nikiendelea. Vyumba vitatu. Choo cha nje, safi. Mvua karibu kila alasiri, wakati mwingine ya mawe, beba sweta. Jiko la kuni na la gesi. Mwenye nyumba alichuna chai unayoiona ng'ambo ya barabara. Alinyamaza kidogo.

"Na hao watu wako," akauliza, "wanajua kuwasha moto?"