Nyayo Pioneer haikufeli. Ni sisi tuliruka somo

Kila mwaka, mtihani wa mwisho ukikaribia, utapata mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa 5 akizunguka tao akitafuta fundi wa kumuundia projekti. Analipa, anafunzwa jinsi ya kuieleza mbele ya walimu, anapita. Rafiki yangu alifanya hivyo. Si ati ni mvivu. Amekaa darasani miaka 4 akipiga hesabu, halafu ghafla anaambiwa: haya, unda kitu.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1986, Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama litakuwa na sura mbaya au mwendo wa pole. Wengi walidhani ni mzaha. Lakini mwaka wa 1990, magari ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa Kasarani. Yalikuwa 5, na kwenye majaribio yalifika kilomita 120 kwa saa. Kampuni ikaanzishwa ili yaundwe kwa wingi. Pesa zikakosekana, hayakuwahi kuuzwa. Kampuni hiyo ikaja kuwa Numerical Machining Complex, inayochonga vipuri vya mashine.

Leo tukitaja Pioneer, watu wanacheka. Mimi sicheki. Watu walipewa tatizo la kweli, wakaunda kitu kikatembea. Hiyo ndiyo elimu yenyewe! Shida ni kwamba tuliifanya mara moja, kwa amri ya rais, na sherehe ikiisha tukarudi kwa ubao na chaki.

Sasa linganisha na Denmark. Mwaka wa 1974, chuo cha Aalborg kilifunguliwa kikiwa na mpango tofauti: kila semesta, karibu nusu ya muda wa mwanafunzi ni wa projekti, kwa kikundi, juu ya tatizo halisi. Ukikosea muhula wa kwanza, una mihula mingine ya kujirekebisha. Kukosea si aibu, ni sehemu ya kozi.

Kwetu, mwanafunzi anangoja hadi mwaka wa mwisho ndipo akosee, na wakati huo kukosea ni kukosa digrii. Kwani utashangaa akinunua?

Mtoto hujifunza kutembea kwa kuanguka. Sisi tunamkataza kutambaa, halafu siku ya mwisho tunamwambia akimbie.

Wewe uko kampasi? Kitu cha kwanza ulichounda kwa mikono yako kilikuwa mwaka wa ngapi?