Ofisi Nzima Ndani ya Kompyuta Isiyofika Kilo

Oktoba 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan iliingiza sokoni kompyuta mpakato iliyowashangaza wengi kwa udogo wake, Eee PC 701. Haikufika kilo moja, kioo chake kilikuwa cha inchi 7, na nafasi ya kuhifadhi kila kitu, pamoja na mfumo wenyewe wa Linux, ilikuwa gigabaiti 4 tu. Hata hivyo, aliyeiwasha alikuta programu ya OpenOffice.org imeshawekwa: ya kuandikia barua, kupigia hesabu na kuandalia slaidi, bila kulipia leseni.

Udogo ule ulikuwa na adha zake. Kioo kilikuwa na nukta 480 tu kwa urefu wa kwenda chini, basi safu za vitufe zilimeza nafasi na barua ikabaki na mistari michache. Baadhi ya madirisha ya mipangilio yalikuwa marefu kuliko kioo chenyewe, na kitufe cha kukubali kikazama chini kisikoonekana. Waliojua walishikilia kitufe cha Alt, wakaliburuta dirisha juu mpaka kile kilichozama kikajitokeza. Ilisumbua, lakini barua iliandikwa na hesabu zikafungwa.

Sifa hupewa Taiwan, nami naona Lüneburg, Ujerumani, inastahili sehemu yake kwa ile programu ya ofisi. Huko ndiko Marco Börries, kijana wa miaka 16, alikoanzisha Star Division mwaka 1985. Programu yake ya kuandikia, StarWriter, mwanzoni iliandikiwa kompyuta ndogo za nyumbani za enzi hizo. Agosti 1999 Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni hiyo, na Oktoba 2000 ikauweka wazi msimbo wa programu, ikawa OpenOffice.org.

Uwazi huo ulitufaa hata sisi wasemaji wa Kiswahili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi katika mradi wa Kilinux, waliitafsiri menyu kwa menyu, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama Kiswahili kina soko.

Kampuni ya Oracle ilipoichukua Sun mwaka 2010, waundaji wengi wa OpenOffice.org walijitenga, na Septemba mwaka huohuo wakaanzisha LibreOffice kwa msimbo uleule. Nayo haihitaji kulipia leseni. Kama una kompyuta ndogo uliyoifungia kabatini kwa kukosa hela ya leseni, itoe, tafuta toleo linaloendana na nguvu zake, uanze kazi.