Mwanao anapoanza chuo: huduma za kinga na ushauri nasaha

Matatizo mengi ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 25. Hiki ndicho kipindi ambacho kijana wengi wetu tumemzoea nyumbani anakwenda kuishi hosteli, mbali na macho ya mama.

Chuoni kuna huduma gani?

Vyuo vikuu vingi Tanzania vina zahanati au kituo cha afya, pamoja na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Huko mwanao anaweza kuulizia:

• ushauri nasaha kuhusu msongo wa mawazo, masomo au mahusiano
• upimaji wa VVU na magonjwa ya ngono
• uzazi wa mpango
• rufaa ya kwenda hospitali.

Kabla hajaondoka

• Hakikisheni bima yake ya afya inafanya kazi.
• Angalia kadi yake ya kliniki. Kama hakuchanjwa homa ya ini aina ya B, apimwe, kisha apate dozi 3 ndani ya miezi 6.

Je, mshauri ataniambia mwanangu alisema nini?

Kwa kawaida, hapana. Akishatimiza miaka 18, siri ni yake, isipokuwa pale maisha yake au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini.

Mama anaweza kuumia kwa hili, lakini siri hiyo inamlinda mwanao. Binti aliyebakwa, akihofia kwamba habari itafika nyumbani, anaweza kunyamaza. Na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Kila saa inayopita hupunguza kinga. Kwa hiyo usimbane mshauri akupe habari. Mwambie mwanao mapema kwamba akienda kule hutamhoji.

Dalili za kuangalia

Hapokei simu kama zamani, halali au analala kupita kiasi, hali chakula, ameacha kuingia darasani, au anasema amechoka kuishi.

Ukiwa na wasiwasi, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya. Humfungulia njia ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake. Piga simu ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.