Maktaba Siku ya Mapumziko

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mbili ambazo hazikutungwa kwa pamoja lakini zilikuja kukutana. Ya kwanza iliziruhusu halmashauri za miji kutoza kodi ndogo kwa ajili ya maktaba ambazo mtu yeyote angeingia bure. Kodi hiyo ilitosha majengo na mishahara tu. Sheria haikuruhusu itumike kununulia vitabu, kasoro iliyorekebishwa mwaka 1855. Ya pili ilihusu viwanda vya nguo. Iliagiza wanawake na vijana waachiwe kazi saa nane mchana kila Jumamosi. Kwa mara ya kwanza maelfu ya wafanyakazi walipata nusu siku yao wenyewe, na Manchester, mji uliojaa viwanda hivyo, ulifungua maktaba yake ya umma mwaka 1852.

Jumapili ilikuwa jambo gumu zaidi. Ndiyo siku pekee ambayo mfanyakazi alikuwa huru tangu asubuhi, na ndiyo siku ambayo maktaba, makumbusho na majumba ya sanaa yalifungwa kwa heshima ya ibada. Chama cha kutetea siku ya Bwana kilichoundwa London mwaka 1831 kilipinga kila pendekezo la kufungua milango hiyo. Hoja zake hazikuwa za dini peke yake. Kilisema kwamba leo akiitwa mkutubi kazini Jumapili, kesho ataitwa mfanyakazi wa kiwandani, na siku ya mapumziko itapotea kwa wote. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na wafanyakazi wengi wenyewe waliiafiki. Upande wa pili, umoja ulioanzishwa mwaka 1855 kudai burudani halali za Jumapili ulijibu kwamba vilabu vya pombe tayari vilikuwa wazi kwa saa kadhaa siku hiyo, na kijana anayeishi katika chumba cha kupanga kisicho na moto wala taa hakuwa na pengine pa kwenda.

Miji ndiyo iliyoanza kulegeza, mmoja baada ya mwingine. Birmingham ilifungua maktaba yake Jumapili mwaka 1872, Manchester mwaka 1878. Serikali kuu ilichelewa mno: Makumbusho ya Uingereza, London, yalisubiri hadi mwaka 1896. Nchini Marekani Cincinnati ilitangulia mwaka 1871 chini ya mkutubi William Frederick Poole, na Boston ikafuata mwaka 1873 baada ya miaka ya mabishano. Mara nyingi kilichofunguliwa kilikuwa chumba cha kusomea magazeti na majarida tu. Kuazima vitabu kulingoja Jumatatu.

Jumamosi nayo ilizaa tunda lisilotarajiwa huko Allegheny, mji uliokuwa ng'ambo ya mto kutoka Pittsburgh. Kanali James Anderson alikuwa na vitabu vipatavyo 400 nyumbani kwake, na kila Jumamosi aliwaazima vijana wafanyao kazi, kila mmoja kitabu kimoja cha kusoma wiki nzima. Miongoni mwao alikuwa Andrew Carnegie, mtoto wa mfumaji kutoka Uskoti, tarishi wa ofisi ya telegrafu. Baadaye vitabu hivyo vilipowekwa chini ya usimamizi mwingine, iliamuliwa kwamba wanaojifunza ufundi wasome bure na wengine walipe dola 2 kwa mwaka. Carnegie, akiwa na umri wa miaka 17, aliandika barua gazetini mwaka 1853 kudai kwamba tarishi naye ni mfanyakazi. Alishinda. Alipotajirika kwa chuma alitoa fedha zilizojenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani.

Hata hivyo, viwanda vyake vilionyesha mpaka wa ukarimu huo. Maktaba ya Homestead ilifunguliwa mwaka 1898, miaka sita baada ya mgomo uliovunjwa kwa umwagaji damu katika kiwanda cha mji huohuo. Ilikuwa na vitabu, ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Wengi wa wafanyakazi waliobaki walifanya zamu za saa 12, baadhi yao siku saba kwa wiki. Jengo lilikuwa zuri kweli, lakini mtu aliyetoka kwenye tanuru akiwa hoi alihitaji usingizi kuliko kitabu.

Kwa watoto mambo yalikwenda vizuri zaidi. Maktaba ya Carnegie ya Pittsburgh ilianza mwaka 1899 kuwakusanya kwa vipindi vya hadithi, na desturi hiyo ikaenea haraka katika miji mingine. Jumamosi, ambapo shule hufungwa, iliufaa sana mpango huo. Hapo ndipo ilipoota mizizi dhana kwamba maktaba ina shughuli zake mbali na rafu zake.

Fedha za shirika la Carnegie zilifika Nairobi pia. Zilisaidia Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa kumkumbuka mlowezi William Northrup McMillan. Kwa miongo kadhaa Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia. Kwao swali la saa halikuwa na maana, kwa kuwa mlango ulifungwa siku zote. Uliachwa wazi kwa wote ukoloni ulipokaribia kwisha. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yako Eastlands, wanakoishi wafanyakazi wengi wa jiji. Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeyakarabati kwa ushirikiano na kaunti na kuyarudishia shughuli za watoto, muziki na mazungumzo ya vitabu.

Swali la mkutubi wa Jumapili halijapata jibu kamili. Denmark imejaribu maktaba zisizo na mhudumu katika baadhi ya saa: msomaji hufungua mlango kwa kadi na namba ya siri, akajiazimia mwenyewe. Njia hiyo inamfaa mtu mzima anayejua anachotafuta. Kipindi cha hadithi hakiwezi kuendeshwa hivyo, kwa hiyo halmashauri inayokitaka Jumamosi hulazimika kutenga posho ya mtu wa kukiendesha na siku nyingine ya mapumziko yake.